Mwanangu, Hiyo Theluji Uliiona Wapi?

Hii ndo hotuba niliyotoa siku ya lugha pale shuleni kwetu, Mombasa. Wazazi wengi walikuwa kazini, wengine walikwama upande wa pili wa feri, wakaniomba niiandike wapate kuisoma. Nimeiweka yote kama nilivyoisema. Zile picha za ukutani nimeziacha, hata waliokuwepo hawakuziona vizuri maana stima ilipotea katikati.

Assalam aleikum wazazi wangu. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote? Nyinyi wa nyuma mwanisikia? Maiki hii ina mambo yake, ikianza kupiga kelele msinilaumu mimi.

Bi. Mkuu wetu, walimu wenzangu, baba zangu na mama zangu mlioacha biashara zenu asubuhi ya Jumamosi, na nyinyi wanafunzi mlokaa madirishani na viti vipo, nashukuru sana. Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya kuandika na juu ya hizi shughuli zetu za Kiingereza, yaani klabu ya waandishi, dibeti, gazeti la ukutani na maigizo. Na najua kuna mzazi hapa ashajiuliza, mimi nalipa ada, mtoto ataka kubaki shule mpaka saa kumi na moja, abaki kufanya nini? Swali zuri. Ndo nimekuja kulijibu.

Neno langu ni moja. Mtoto hajui kuandika kwa kukariri insha ya mwenzake. Ajua kuandika akiandika alichokiona mwenyewe, kisha kikasomwa na mtu ambaye si ticha. Basi, hilo tu, mengine yote ntakayosema ni kulifafanua.

Tuanze na insha. Nyinyi wanafunzi mwaijua ile insha. Mwaijua! Ile ya asubuhi yenye jua zuri, ndege waimba juu ya miti, nikaruka kutoka kitandani kwa furaha, nikapiga mswaki, mama ashaandaa chai, baba ashawasha gari... Mwacheka kwa sababu mmeiandika. Imezunguka tangu shule ya msingi, kaka ampa dada, dada ampa jirani, na kuna vitabu vidogo vyauzwa vya misemo ya kupambia. Mtoto aingia kwenye mtihani aambiwa aeleze mkasa wa moto, aanza na jua na ndege na mswaki, akija kufika kwenye moto kengele ishalia. Moto wenyewe hakuuwasha!

Kuna msichana, simtaji, yupo humu ndani na ashainamisha kichwa. Alipokuwa kidato cha pili aliniletea insha ya likizo. Nikaisoma. Ndani mna theluji. Mna makoti ya sufu, mna moto wa kuota sebuleni na babu amekaa kwenye kiti cha kubembea asimulia hadithi za vita. Nikamwita stafurumu, kile chumba chetu cha walimu, nikamuuliza, mwanangu, wewe waishi wapi? Likoni, ticha. Na hiyo theluji uliiona wapi? Akanyamaza, halafu akacheka mwenyewe. Nikamwambia sikupi alama wala sikukati, kaa hapo kwenye kiti, niandikie ulichokiona leo tangu mlango wa kwenu mpaka geti la shule, na usitie kitu ambacho hukukiona.

Akaandika ukurasa na nusu. Wajameni! Ilikuwa habari ya feri. Aeleza umati unavyoteremka kuelekea pantoni asubuhi, halafu katikati ya umati kuna mzee wa mkokoteni, kapakia magunia ya nazi, na ule mteremko wamsukuma, basi mzee yuwajizuia kwa visigino, amevaa ndara moja ya bluu na moja ya kijani. Watu wote wampisha isipokuwa mama mmoja mwenye ndoo ya mahamri, yeye yuwatazama mbele hana habari. Mkokoteni ukasimama shibiri moja nyuma yake. Mama akageuka, akamtukana kwanza, akamtukana vizuri, kisha akafunua ndoo akampa mahamri mawili, na feri ikaondoka.

Sasa niambieni, hapo pana haja ya theluji? Mimi ile feri naipanda miaka na mikaka na sijawahi kuiona kama nilivyoiona kwenye lile daftari. Ndara ya bluu na ya kijani! Kitu kama hicho hakimo kwenye kile kitabu kidogo cha misemo, hata ukinunue toleo la mwaka huu.

Makosa yalikuwemo, tena tele. Nyakati zimechanganyika, mara jana mara leo, herufi kubwa hazipo, nukta zimesahaulika. Lakini nilisoma mpaka mwisho, na nawaambia wazazi, ticha mwenye daftari hamsini mbele yake saa nne za usiku hasomi mpaka mwisho kwa hisani. Nikamzungushia makosa mawili tu, yote ya wakati uliopita. Nenda karekebishe haya, rudi. Akarudi. Nikamzungushia mengine mawili. Kuna mzazi alikuja kulalamika, ati mwalimu mbona humsahihishi yote, mtoto amekosea pahala kumi na tano wewe umeona mawili? Nikamjibu, mzee wangu, nimeyaona yote. Lakini mtoto ukimrudishia daftari limejaa wino mwekundu tangu juu hadi chini, yeye aangalia alama, aguna, afunga daftari. Mawili atayaweza, na mawili ya kila wiki mpaka mwisho wa muhula si machache.

Na wale wapendao hesabu, chukueni hii. Kiingereza cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza kidato cha nne, kina karatasi tatu na jumla ya alama 200. Karatasi ya tatu peke yake ina 60, insha ya kubuni 20, halafu insha mbili za vitabu vya fasihi 20 kila moja. Karatasi ya kwanza nayo ina alama 20 za kuandika vitu vya kazi, barua, kumbukumbu za mkutano, mwaliko, ripoti, hata namna ya kupika chakula. Jumlisheni. Alama 80 kati ya 200 mtoto azipata kwa kutunga sentensi zake mwenyewe, hakuna A na B na C za kubahatisha. Na tena kwenye hiyo karatasi ya kwanza mna alama 30 za ustadi wa kuzungumza, na huo ustadi wa kuzungumza, jamani, hutahiniwa kwa kalamu! Mtoto aandika jinsi ambavyo angezungumza. Hilo mimi hucheka peke yangu kila mwaka, lakini ndo mtihani ulivyo.

Mwaka huu tuna Gredi 10, yaani wale wa mtaala mpya, kisha kidato cha tatu na kidato cha nne wa mtaala wa zamani. Hawa wa kidato cha tatu ndo watafunga mlango, KCSE yao ya 2027 ndo ya mwisho. Mzazi wa Gredi 10 usinambie mwanangu amechagua mkondo wa sayansi, insha ya nini. Kiingereza ni lazima kwenye mikondo yote mitatu. Na huyo daktari au injinia wako, ripoti ataandikiwa na nani?

Atasema ataandikiwa na simu. Nasikia minong'ono huko dirishani. Haya, tuliseme maana lipo. Hizi programu za akili unde zaandika insha kwa sekunde, tena Kiingereza kinyoofu hakina kosa. Nimeletewa insha ya kijana wa Bangladesh, ile ya Mikindani si ya Asia, asema alfajiri alitoka kwenda kumtembeza mbwa wake kwenye bustani ya mtaa. Mbwa! Bustani! Nikamwambia kesho niletee huyo mbwa nimsalimie. Sina vita na simu, lakini chumba cha mtihani simu haingii, na mbwa wa kuazima habweki.

Sasa la pili, msomaji. Hebu niwaulize wanafunzi, unapoandika insha unamwandikia nani? Ticha. Ticha atafanya nini nayo? Ataweka alama. Halafu? Halafu hakuna, daftari laingia begini. Nani ataandika vizuri hivyo? Wewe mama mwenye viazi karai ungekaanga vizuri namna hiyo kama mlaji ni mmoja tu, tena yuwala kwa sababu ndo kazi yake?

Ndo maana tukaweka gazeti la ukutani. Ni ubao tu, pale mkabala na stafurumu, karatasi za A4 na pini. Kila Ijumaa wanafunzi wa klabu wabandika walichoandika, kwa Kiingereza, na hakibandikwi mpaka kimesomwa na wahariri wawili ambao ni wanafunzi wenzao. Mwanzo palikuwa na mashairi ya mapenzi na nukuu za kutia moyo, hakuna aliyesimama kusoma. Kisha kijana mmoja akaandika habari ya bomba.

Mwajua shida ya maji mji huu, sihitaji kuwaeleza, nyumba ngapi hapa zanunua maji kwa mtungi wa mkokoteni? Sasa shuleni kulikuwa na bomba karibu na jikoni limevunjika koki, maji yakija usiku yamwagika mpaka asubuhi, mchana wanafunzi wakienda hakuna hata tone. Kijana akakaa na mpishi akamuuliza. Akamuuliza na mlinzi wa usiku, mlinzi akamwambia yeye huweka ndoo chini ya lile bomba lakini yajaa akiwa kwenye raundi. Akaandika yote mawili, nusu ukurasa, akabandika. Mapumziko ya saa nne pale ubaoni ilikuwa huwezi kupita. Watu walisoma! Wale wale wanaosema Kiingereza kigumu walikuwa wamesimama wanatafsiriana mstari kwa mstari.

Klabu wakaona hiyo haitoshi, wakaandika barua rasmi kwa naibu wa mwalimu mkuu kuomba koki itengenezwe. Wakaipeleka kwa mbwembwe, na asubuhi ya pili barua ikarudi. Naibu, yule pale anatabasamu, alikuwa ameandika chini yake kwa kalamu ya kijani: barua haina tarehe, haina sahihi, sijui anayeomba ni nani, siipokei. Wallahi mimi barua rasmi nimeifundisha ubaoni mpaka chaki zimekwisha, anwani mbili, tarehe, kichwa cha barua, waitikia ndio ticha, ndio ticha, kisha waandika vile vile. Siku ile hakuna aliyesahau. Walikaa pale chini ya mwarobaini wakagombana juu ya tarehe inakaa wapi, na iwe Wako mwaminifu au Wako mtiifu, na nani atie sahihi. Wakaiandika upya mara kadhaa. Ikapokelewa. Fundi akaja Jumatatu. Lile bomba la karibu na choo bado, na naibu ajua barua nyingine iko njiani.

Hiyo ndo maana ya msomaji. Barua ile ilikuwa na mtu upande wa pili anayeweza kusema hapana.

Na hili la magazeti si geni kwetu. Wangapi mwajua kuwa gazeti la Standard lilizaliwa hapa hapa Mombasa? Mwaka 1902, mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee alianzisha gazeti la Kiingereza la kila wiki, jina lake African Standard. Baadaye akaliuza, likaitwa East African Standard, na mwaka 1910 likahamishiwa Nairobi. Nairobi wamezoea kutuchukulia vitu, tuyaache hayo. Nataka tu mjue kuwa mtoto wa Majengo au Changamwe akisema ataka kuwa mwandishi wa habari kwa Kiingereza hajaota ndoto ya watu wengine.

La tatu nalisema kwa upole kwa sababu walimu wenzangu hatukubaliani sote. Diski. Wazazi mliosoma Kenya mwaijua. Kibao au kipande cha mbao, ukisikiwa waongea Kiswahili wavishwa shingoni, nawe watafuta mwenzio wa kumvisha, na wa mwisho jioni apigwa au afagia. Wangapi waliivaa? Inueni mikono. Haya, angalieni wenyewe mikono hiyo. Sasa wale walioinua, niambieni, diski ilikufundisheni Kiingereza? Ilikufundisheni kunyamaza! Mtoto aliyevaa diski akiwa darasa la nne ndo huyu nampokea mimi sekondari, nikimuuliza swali ajua jibu lakini aogopa kufungua mdomo.

Sisi klabuni tumesema hapana. Dibeti ni ya Kiingereza, ukisimama jukwaani ni Kiingereza mwanzo mwisho, lakini maandalizi panga kwa lugha uitakayo. Gombana kwa Kiswahili, tafuta hoja kwa Kiswahili, kisha kaa uandike. Katiba yetu ya 2010 yasema lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza. Kwanini moja ifanywe adhabu ya nyengine?

Tulikuwa na kijana hodari wa mashairi, mashairi ya Kiswahili, vina na mizani havimpotei, lakini Kiingereza alikuwa akikaa kiti cha nyuma kabisa. Hoja ya siku ile ilikuwa tuktuk ziondolewe katikati ya mji. Upande wa kuunga mkono walikuja na maneno makubwa, msongamano, mazingira, mipango miji. Huyu akapewa upande wa kupinga, akaomba aandae kwa Kiswahili. Baba yake aendesha tuktuk. Akasimama, sentensi ya kwanza akakosea kitenzi, mmoja akacheka, mwenyekiti akagonga meza. Akaendelea. Akaanza kuhesabu siku ya baba yake. Gari si yake, kwa hiyo kila jioni hesabu ya mwenye gari lazima itoke kwanza. Halafu mafuta. Halafu kanju, askari wa kaunti, akikukamata umesimama pabaya. Halafu pancha. Kinachobaki ndo chakula na ndo ada ya huyu anayezungumza mbele yenu. Kisha akawauliza wapinzani wake kwa Kiingereza chake kile kile cha kuungaunga, mkishaziondoa, mama mwenye magunia ya soko la Kongowea atapanda nini? Wale wa mipango miji wakatazamana. Hakuna aliyejibu, na hoja ikaanguka.

Baadaye tulikaa naye tukanyoosha vile vitenzi, hilo lazima, sisemi makosa ni urembo. Lakini angalieni hoja ilitoka wapi. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji, ambaye karibu miaka mia mbili iliyopita alikuwa akijibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu enzi za vita vya Mazrui, watawala wa Mombasa wakati ule, shairi kwa shairi. Mtoto wa hapa kubisha ajua, kusimulia ajua, na kupanga maneno aanza kuyasikia harusini kabla hajaenda shule. Ukimwambia aache yote hayo getini ndo aingie kwenye Kiingereza, ataingia mikono mitupu.

Wazazi, nanyi nawaomba nini? Si pesa, tulieni. Mnunulieni daftari moja la ziada lisilo la somo lolote, aandike humo atakalo, na msilisome bila ruhusa. Gazeti kuukuu la dukani, lile la kufungia mandazi, mwachie alikunjue asome. Na jioni mwambie akusomee alichoandika kwa sauti. Utasema mimi Kiingereza sikijui. Wewe sikiliza tu, yeye mwenyewe akisoma kwa sauti atasikia palipokwama. Kisha mwambie akueleze kwa Kiswahili, na umuulize, halafu ikawaje? Swali hilo mimi ticha nalipwa mshahara kuliuliza, nyinyi mwaweza kuliuliza bure mkimenya viazi.

Nimeoneshwa saa, nafunga. Dibeti yaanza saa tano kamili hapa hapa ukumbini, Gredi 10 dhidi ya kidato cha tatu, msiondoke. Gazeti la ukutani liko pale mkabala na stafurumu, habari ya feri imebandikwa katikati, mwenyewe amekubali. Na kwenye meza ya mlangoni kuna karatasi. Muhula huu klabu wataandika habari za watu na kazi zao, kwa hiyo natafuta fundi, dereva, mvuvi, mshonaji, karani wa bandarini, mama wa mbaazi, yeyote aliye tayari kukaa na wanafunzi wawili nusu saa wamuulize maswali. Andika jina, kazi, na siku gani una nafasi. Peni iko pale pale imefungwa kwa uzi, tafadhali msinikatie, ni ya tatu hiyo.